Bingwa Aliyefungwa Nyumbani

Wiki ya mwisho ya Novemba, ukikatiza ndani ya Chuo Kikuu cha Ohio State hapa Columbus, utakuta herufi M zimepigwa msalaba. Kwenye vibao vya majengo, kwenye alama za njia, popote M ilipo, mtu amepita na utepe mwekundu akaibandika X. Mwaka 2014, mwaka wangu wa kwanza hapa, nilidhani majengo yale yanavunjwa, kama zile X nyekundu wanazochorewa watu nyumba zao kule nyumbani barabara ikitaka kupanuliwa.

Nikamuuliza dereva wa foklifti tuliyekuwa naye ghalani (enzi hizo nabeba boksi, kwa maana halisi ya neno), mzee wa Kimarekani mwenye miaka sitini na kitu. Akaniangalia kama vile nimemuuliza mtu wa Dar kuwa Yanga ni kitu gani. "Jumamosi tunacheza na ile timu ya kule juu," akasema. Jina la Michigan, chuo cha jimbo jirani, hakulitoa mdomoni. Baadaye nikajua halitolewi; ni mwiko wa Woody Hayes, kocha aliyeifundisha Ohio State futiboli ya Kimarekani kuanzia 1951 hadi 1978. Na mchezaji wa Ohio State akishiriki kuifunga Michigan anapewa kidani cha dhahabu chenye umbo la suruali, desturi iliyoanza 1934. Kisuruali kidogo, kinakaa kwenye ncha ya kidole.

Mimi ni mtu wa Tanga. Timu yangu, Coastal Union, ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988 na haijauona tena, kwa hiyo habari za makombe huwa nazifuatilia kwa majirani. Lakini angalau tangu utotoni nilijua bingwa anapatikanaje. Mnacheza wote, nyumbani na ugenini, mnahesabu pointi. Ligi Kuu ina timu 16, kila moja mechi 30, aliye juu ndiye bingwa, maneno yamekwisha. (Hayajaisha, ya Simba na Yanga hayaishi, ila msimamo umekwisha.)

Nikamuuliza mzee: na hawa wa vyuo, bingwa wao anapatikanaje? Akacheka mpaka akazima foklifti. "Ukishajua, uje uniambie."

Imenichukua miaka kumi.

Shida yao inaanzia kwenye idadi. Daraja la juu la futiboli ya vyuo, ile ya kubeba mpira mkononi na kuvaa kofia ngumu, lina timu zaidi ya 130. Kila timu inacheza mechi 12 katika msimu wa kawaida, nyingi kati ya hizo na wenzake wa kundi moja, makundi wanayoyaita konferensi. Si mchezo wa kucheza Jumatano halafu Jumapili tena. Vijana wale wanagongana kama malori, na mwili unataka wiki nzima kupoa. Ukisema wacheze wote nyumbani na ugenini kama sisi, ni zaidi ya wiki 260. Mtu ataingia mwaka wa kwanza, atamaliza shahada, ataoa, na mzunguko wa pili haujaisha.

Kwa hiyo walifanya jambo ambalo nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani natafsiri vibaya. Walipiga kura. Tangu 1936 shirika la habari la AP linakusanya kura za waandishi wa michezo, na mwaka 1950 makocha nao wakaanzishiwa kura yao. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kinatoa ubingwa wa mpira wa kikapu, wa riadha, wa kuogelea, hata wa kulenga shabaha kwa bunduki, lakini ubingwa wa daraja la juu la futiboli hakijawahi kuutoa. Madaraja ya chini yana mtoano tangu miaka ya 1970 na hakuna aliyekufa. Wakubwa ndio waliokataa.

Wakubwa walikuwa na mabakuli yao. Mechi ya kufungia msimu huku inaitwa bakuli, jina lililotokana na umbo la viwanja, na kwa miaka miwili ya mwanzo kila mtu ghalani akisema timu yao "inakwenda kwenye bakuli" mimi nilikuwa naona uji. Kongwe kuliko yote ni Rose Bowl ya Pasadena, California. Ilichezwa mara ya kwanza Mwaka Mpya wa 1902, Michigan wakawafunga Stanford 49 kwa bila, waandaaji wakaona hakuna mvuto, wakaleta mbio za magari ya farasi badala yake, na mpira haukurudi mpaka 1916. (Nilipomsimulia mzee hiyo 49 kwa bila alisema si habari ya kumwambia mtu anakula.) Zikafuata Sugar Bowl ya New Orleans, Orange Bowl ya Miami, Cotton Bowl ya Dallas. Kila moja ilikuwa na mji wake, mahoteli yake, wadhamini wake, na mkataba wake wa kualika mabingwa wa kanda fulani. Namba moja wa nchi aliweza kualikwa Miami na namba mbili Pasadena, siku ileile, wasionane hata kwa bahati mbaya. Halafu watu walikuwa wanarudi kwenye kura.

Na kuna zama ambazo hawakusubiri hata bakuli lenyewe. Oklahoma walitangazwa mabingwa wa 1950, ndipo wakaenda Sugar Bowl wakafungwa na Kentucky. Minnesota vivyo hivyo kwa msimu wa 1960, mbele ya Washington. Wamefungwa, wamepanda basi, wamerudi nyumbani, mabingwa. Sisi tuliotoka kwetu tunajua kura zina mambo yake, naishia hapo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Oktoba 1990. Kwa asiyeujua mchezo: timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ukishindwa mpira unakwenda kwa mwenzako. Colorado walikuwa ugenini kwa Missouri, wako nyuma, sekunde zinakatika, wameufikia mstari kabisa. Wakajaribu, wakagonga mwamba wa watu; wakajaribu tena; katikati ya kelele zile waamuzi wakapoteza hesabu, na kile kibao cha pembeni kinachoonyesha ni jaribio la ngapi hakikubadilishwa. Colorado wakapata jaribio la tano. Wakafunga, wakashinda 33 kwa 31, matokeo yakabaki hivyohivyo. Msimu ulipokwisha waandishi wakawapa Colorado ubingwa, makocha wakawapa Georgia Tech. Nchi moja, mwaka mmoja, mabingwa wawili, na mmoja wao alihesabiwa vidole vitano penye vinne. Mwaka uliofuata wakapatikana wawili tena, Miami na Washington. Na 1997 tena, Michigan na Nebraska.

Ndipo ikaletwa kompyuta. Mfumo wa BCS ulianza 1998: changanya kura na hesabu za mashine, toa namba moja na namba mbili, hao wacheze fainali. Mwaka 2003 USC walikuwa namba moja kwa waandishi na namba moja kwa makocha, hesabu zikawashusha mpaka nafasi ya tatu, wakakaa nje. Oklahoma, waliotoka kuchapwa 35 kwa 7 na Kansas State, wakaingia. LSU wakawafunga Oklahoma wakachukua kombe, na waandishi wakawapa USC la kwao. Msimu wa 2004 Auburn wakamaliza mechi 13 bila kufungwa na hawakuiona fainali kwa karibu. Msimu wa 2008 ikawa zamu ya Utah, nao mechi 13, hawakufungwa na mtu, wakaenda Sugar Bowl wakawachapa Alabama 31 kwa 17, na ubingwa ukaenda kwa Florida waliokuwa wamefungwa mara moja. Suala likafika mpaka Bungeni Washington. Barack Obama, hata mwezi haujaisha tangu achaguliwe, alisema kwenye televisheni kwamba anataka mtoano wa timu nane. Mtu mabenki yanamwangukia, vita viwili vinamsubiri mezani, na bado lile la Jumamosi linamkera. Nilipoisoma hiyo ndipo nilipojua nimehamia kwa watu kama sisi.

Sasa nisiwadhulumu waliokuwa wanapinga mtoano, maana mzee wa foklifti alikuwa mmoja wao, na hoja yake ilinisumbua kwa muda mrefu.

Hoja yake ni siku moja tu: tarehe 18 Novemba 2006. Ohio State namba moja, Michigan namba mbili, wote wawili hawajafungwa, wanakutana Columbus. Bo Schembechler, aliyewahi kuwa msaidizi wa Woody Hayes kabla ya kwenda kuwa adui yake kule Michigan, alikuwa amefariki siku moja kabla. Mzee alikuwa uwanjani na kaka yake. Anasema kipindi cha pili chote hakuna aliyekwenda chooni katika safu yao, na si kwamba hawakubanwa. Ohio State walishinda 42 kwa 39. "Unajua kwa nini hatukukaa?" aliniuliza. "Kwa sababu anayefungwa amekwisha. Hakuna kesho. Weka mtoano wako hapo, wote wawili wameshapita, makocha wanaweka nyota wao benchi wasiumie. Unaninyang'anya ile siku unanipa nini?"

Sikuwa na jibu. Mechi zote za mwaka zikiwa na uzito wa fainali, fainali ya nini tena? Kwenye mpira wetu kuna ligi na kuna kombe, kila mtu anajua tofauti yake. Ligi inampa aliyekuwa bora kwa mwaka mzima. Kombe linampa ambaye hakuteleza siku zile chache. Hawa hawana ligi, ila walikuwa na Jumamosi zenye uzito wa ligi, na mzee alikuwa anahofia kuzibadilisha kwa kombe.

Kitu kimoja mzee huwa hakisimulii mpaka umkumbushe. Baada ya ushindi ule kulikuwa na watu wengi waliosema Michigan ndiyo timu ya pili kwa ubora nchini, warudiane na Ohio State kwenye fainali. Kura zikaipa nafasi hiyo Florida, kwa tofauti ndogo. Januari Florida wakaifunga Ohio State 41 kwa 14. Yaani miezi mitatu nchi nzima inabishana nani wa kwanza nani wa pili, na jibu lilikuwa limekaa kwenye kona nyingine kabisa ya chumba.

Mtoano ulikuja mwaka ule nilioingia mimi, 2014, timu nne tu. Kamati ya watu 13 inajifungia hotelini Grapevine, Texas, inatoa majina. Ohio State walikuwa wa tano kuelekea wiki ya mwisho. Kotabeki wao, yule mrusha mpira ambaye timu nzima inamzunguka, alivunjika mguu kwenye mechi ya Michigan, na huyo mwenyewe alikuwa wa pili, maana wa kwanza aliumia kabla msimu haujaanza. Wakamwingiza wa tatu, Cardale Jones, wakawapiga Wisconsin 59 kwa bila. Siku hiyohiyo TCU, waliokuwa nafasi ya tatu, walishinda 55 kwa 3. Asubuhi orodha ikatoka: Ohio State wa nne, ndani. TCU wa sita. Umeshinda kwa pointi 52 ukashuka nafasi tatu! Ghalani tulishangilia, mimi nikiwemo, maana mgeni akishapewa kofia ya timu hana tena haki ya kuuliza maswali. Ohio State wakawafunga Alabama namba moja, wakawafunga Oregon 42 kwa 20, wakawa mabingwa na kotabeki wa tatu.

Hilo la kotabeki wa tatu lishike.

Tarehe 3 Desemba 2023 nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko, Jumapili ya zamu ya nyongeza, televisheni iko juu ya friji. Pamoja nami alikuwepo jamaa wa Goma, hajamaliza hata mwaka hapa, mpira huu haujui na hautaki, ila anapenda kuona watu wakigombana. Florida State walikuwa wameshinda mechi 13 kati ya 13 na ni mabingwa wa konferensi yao. Kotabeki wao Jordan Travis alivunjika mguu katikati ya Novemba. Wameshinda bila yeye, fainali ya konferensi wameishinda na kijana wa tatu kwenye orodha. Kamati ikatangaza wanne: Michigan, Washington, Texas, Alabama. Texas na Alabama walikuwa wamefungwa kila mmoja mara moja. Florida State nje. Sababu: bila Travis hii si timu ileile.

Nikamweleza yule jamaa wa Goma. Akaacha kutafuna. "Balishinda mechi yote?" Zote. "Sasa banabakatala juu ya nini?" Nikamwambia mtu wao ameumia. Akafikiri. "Mutu akiumia, njo timu yote inaumia?" Nikakosa la kumjibu, na nikakumbuka Cardale Jones.

Nikakumbuka na jambo jingine, dogo na la aibu kulisema kwa mtu wa umri wangu. Nilikuwa kidato cha tatu, UMISSETA, shule za wilaya zimecheza, inachaguliwa timu ya kwenda mkoani. Nilifunga mabao manne katika mechi tatu. Jioni tumekaa chini ya mkungu, mwalimu anasoma majina kwenye karatasi ya daftari, amefika kumi na nane amekunja karatasi. Nilimfuata nikiwa na soksi mkononi. Alinijibu kwa upole sana: "Tumeangalia kwa ujumla, kijana." Sijawahi kusikia sentensi ngumu kubishana nayo kama ile. Ukiambiwa hukufunga, utaonyesha mabao. Ukiambiwa umechelewa mazoezi, utaleta mashahidi. Kwa ujumla unaijibu na nini? Kamati ya Grapevine ina neno lake kwa hilo, wanaliita kipimo cha macho.

Florida State walipelekwa Orange Bowl kama pole. Wachezaji wao wengi wakajitoa, hawakuona sababu. Georgia wakawafunga 63 kwa 3, na wapo waliosema mnaona, kamati ilikuwa sahihi. Mtu umemvunja moyo, halafu unamcheka kwamba hana moyo.

Basi nikaamini dawa ni kuongeza idadi. Mwaka 2024 wakaongeza: timu 12. Mabingwa watano wa konferensi waliokuwa juu zaidi kwenye orodha walikuwa na uhakika, saba waliobaki walichaguliwa na kamati, raundi ya kwanza ikachezwa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe badala ya miji ya mabakuli.

Nasema kweli, usiku wa raundi ile ya kwanza sitausahau. Desemba 21, Tennessee wanakuja Columbus. Tiketi sikuweza hata kuitazama bei yake, nikawasha gari nikaenda kubeba abiria. Baridi chini ya sifuri, na mji umevamiwa na rangi ya chungwa. Nilimpakia mzee mmoja kutoka Knoxville na wajukuu wawili, ovaroli za miraba ya chungwa na nyeupe juu ya makoti, wameendesha saa nyingi kuja kukaa kwenye barafu. Mjukuu mdogo aliniuliza kama mimi ni wa Ohio State. Nikamwambia mimi ni wa Coastal Union. Akasema hajawahi kuisikia, wako konferensi gani? Walifungwa 42 kwa 17. Futiboli ya vyuo ilikuwa na zaidi ya miaka 150 na wakubwa walikuwa hawajawahi kufanya hivi, Desemba, nyumbani kwa mtu, anayefungwa anarudi na basi lake. Wamekaa na hiyo zawadi kabatini muda wote huo kwa ajili ya wenye mahoteli.

Lakini wiki tatu nyuma, Novemba 30, nilikuwa na mzee sebuleni kwake (alishastaafu wakati huo). Michigan waliokuja Columbus walikuwa wabovu, wameshafungwa mara tano msimu ule. Ohio State hawakuwafunga tangu 2019. Ilikuwa ndiyo siku. Wakafungwa 13 kwa 10, nyumbani, mbele ya watu zaidi ya laki moja. Vijana wa Michigan wakaja kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Mzee hakutukana. Alichukua rimoti akazima, akabaki anaitazama ile televisheni iliyozimwa. Mji ulikuwa unataka kocha Ryan Day afukuzwe kabla ya chakula cha jioni.

Na haikujalisha kitu! Hapo ndipo hoja ya mzee ya 2006 ilipotimia, ila kwa upande wa pili wa shilingi. Kwa sheria za zamani Ohio State walikuwa wamekwisha siku ile. Kwa sheria mpya wakaingia kwenye 12 wakiwa na vipigo viwili, wakawapiga Tennessee, wakawapiga Oregon 41 kwa 21, Texas 28 kwa 14, na Januari 20, 2025, Atlanta, wakawafunga Notre Dame 34 kwa 23. Mabingwa wa nchi. Timu nne zilizopewa nafasi ya kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza zote zilitolewa kwenye mechi yao ya kwanza. Ungeuliza kura ya Desemba mosi nani bingwa, Ohio State wasingetajwa hata na mama zao.

Je, mtoano uwepo? Uwepo. Nilikuwa na shaka, sasa sina. Ila nimeacha kujali ni timu ngapi, nne au nane au 12 au hizo 16 wanazozinong'onezea. Nataka kujua mlango umeshikwa na nani. Bingwa wa Tanzania akienda Ligi ya Mabingwa Afrika, hakuna kamati inayokaa Cairo kuuliza kama straika wake amepona goti. Umeshinda ligi yako, tiketi ni yako, nenda ukafungwe huko kama ni kufungwa. Hawa wampe kila bingwa wa konferensi nafasi yake, mkubwa na mdogo, na zibaki nafasi mbili tatu za hao wanaopenda kuangalia kwa ujumla. Boise State na wenzao wa nyika wajue Agosti kwamba wakishinda zao wanaingia, hawasubiri jina lisomwe kwenye karatasi iliyokunjwa.

Haitatokea. Konferensi mbili tajiri ndizo zenye sauti. Moja yake inaitwa Big Ten, Kumi Kubwa, ina timu 18, kwa hiyo hesabu si jambo linalowanyima usingizi. Haki za matangazo ya mtoano peke yake ni kama dola bilioni 1.3 kwa mwaka kwa mkataba unaoanza na msimu wa 2026, na anayelipa hivyo anataka majina yanayouza. Ohio State walicheza mechi 16 msimu ule, moja tu pungufu ya msimu wa kawaida wa NFL, ligi yao ya kulipwa, na hao ni watoto wenye mitihani. Mwaka 2010 wachezaji watano wa chuo hikihiki waliadhibiwa kwa kuuza mali zao wenyewe, vile visuruali vya dhahabu vikiwemo. Sasa angalau wanaruhusiwa kulipwa.

Wiki ile ya ubingwa nilikwenda kwa mzee kumsaidia kusukuma theluji mlangoni. Alikuwa na kofia mpya kichwani, ile ya mabingwa, kibandiko cha bei bado kinaning'inia. Ameamka na furaha, amenitengenezea kahawa chungu ile ya kwao. Nikakumbuka swali lake la 2014, nikamwambia sasa najua bingwa anapatikanaje. Akasema haya, niambie. Nikaanza, konferensi, kamati, watano wa uhakika, saba wa kuchaguliwa, akanikatiza kwamba theluji haitajisukuma.

Nilipofika barabarani kwenye sanduku lake la barua, lile la bati lililoandikwa MAIL ubavuni, nikaona utepe mwekundu bado uko palepale juu ya M, umeganda barafu. Novemba ilishapita miezi miwili. Nikamwita nikamuuliza niubandue.

"Acha," akasema kutoka mlangoni. "Hatujawafunga bado."